Je, Yafaa Kusafisha Tumbo na Damu?



Hapa kwetu Kasongo na Kabambare watu wengi husema hivi: "Mwili wangu ni mzito. Kichwa chauma, mgongo wauma. Tumbo langu limejaa uchafu, sharti nilisafishe." Basi wengine hunywa maji ya majani machungu mpaka waharishe. Wengine hutia dawa kwa nyuma kwa mpira mdogo, jambo ambalo watu huita lavema. Kuna mama wanaomfanyia mtoto mchanga hivyo mara kwa mara, ijapokuwa mtoto hana ugonjwa wo wote. Siku hizi tena wako wachuuzi sokoni, na wengine katika simu, wanaouza chai ya pakiti na unga wa chupa, wakisema kwamba vitu hivyo huondoa sumu yote katika damu, katika ini na katika figo. Wengine hukaa siku tatu au saba bila chakula, wakinywa maji ya ndimu tu.

Labda wewe mwenyewe umefanya hivyo. Hatuandiki maneno haya ili kukucheka. Kupenda usafi ni jambo jema, na aliyekufundisha kusafisha tumbo alikuwa anakupenda. Lakini pendo peke yake halitoshi kuponya. Yafaa tujue mwili unavyofanya kazi, kusudi tusimdhuru yule tunayemhurumia. Basi tuangalie jambo hili polepole.

MWILI UNA WASAFISHAJI WAKE

Fikiri juu ya nyumba yenye watumishi wema. Mmoja hufagia, mwingine huchota maji, mwingine hutupa takataka. Hawalali, wala hawangoji kuamriwa. Mwili wako ni nyumba ya namna hiyo.

Mtumishi wa kwanza ni ini. Ini liko upande wa kuume, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama kilo moja na nusu. Damu itokayo katika matumbo, yenye kuchukua chakula, hupita kwanza katika ini. Huko ini hubadili vitu vibaya viwe vitu visivyodhuru. Pombe hubadilishwa na ini. Dawa nyingi tunazomeza hubadilishwa na ini. Hata mabaki ya nyama na maharagwe tuliyokula, ini huyageuza yapate kutoka katika mkojo.

Mtumishi wa pili ni figo. Tuna figo mbili, moja kila upande wa mgongo. Kila siku figo huchuja maji ya damu kadiri ya lita 180. Umeona pipa kubwa la mafuta, lile la lita 200? Maji yanayochujwa na figo zako kwa siku moja hukaribia kulijaza. Karibu maji yote hurudi katika damu, na kadiri ya lita moja au mbili tu hutoka kuwa mkojo, pamoja na taka. Hakuna chai ya pakiti iwezayo kufanya kazi hiyo.

Mtumishi wa tatu ni mapafu. Kila unapotoa pumzi, unatoa hewa mbaya iliyotengenezwa ndani ya mwili.

Mtumishi wa nne ni utumbo mpana. Huo hunyonya maji katika mabaki ya chakula, kisha huyatoa nje kuwa choo. Mtu mwingine huenda choo mara mbili kwa siku, mwingine mara moja kwa siku mbili, na wote wawili ni wazima. Asiyeenda choo leo hana sumu mwilini kwa sababu hiyo.

Na jasho je? Kazi kubwa ya jasho ni kupoza mwili. Sumu itokayo katika jasho ni kidogo sana. Anayejifunika blanketi juu ya chungu cha maji ya moto hutoa maji na chumvi, na si zaidi.

Watumishi hawa wakiwa wazima, hawahitaji msaada wa kusafisha. Na mmoja wao akiwa mgonjwa, majani makali hayamponyi. Mtu mwenye macho ya manjano ana ini au damu yenye taabu. Mtu mwenye uso na miguu iliyovimba, na mkojo kidogo, labda ana figo zenye taabu. Hao waende hospitali upesi. Wakinywa dawa kali za kuharisha, wanampiga mtumishi aliye kitandani.

JE, KUNA UCHAFU WA MIAKA MINGI NDANI YA UTUMBO?

Wachuuzi wengi husema kwamba uchafu wa zamani umeshikamana na ukuta wa utumbo, kama masizi katika chungu. Jambo hilo si kweli. Madaktari wa upasuaji hufungua matumbo ya watu kila siku katika nchi zote, wala hawaoni masizi hayo. Ngozi ya ndani ya utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache, na ile ya zamani hutoka pamoja na choo. Hakuna kitu kiwezacho kushikamana na ukuta unaojibadilisha namna hiyo.

Utauliza, "Lakini mimi niliona kwa macho yangu! Nilipotiwa dawa, vilitoka vitu vyeupe vyenye kuteleza. Si uchafu huo?" Ni swali zuri. Nakujibu kwa mfano. Mama akipika kwa kuni mbichi, moshi humwingia machoni, na machozi hutoka mengi. Je, twasema kwamba macho yake yalikuwa yamejaa uchafu, na moshi umeyasafisha? Sivyo. Macho yanalia kwa sababu yameumizwa. Utumbo nao hufanya vilevile. Ukitiwa pilipili, tangawizi, sabuni au majani makali, hutoa ute mwingi ili ujikinge. Ule ute uliouona ni machozi ya utumbo. Ukirudia kesho, utalia tena. Na mtu huona ute tena, husema, "Kumbe uchafu bado uko!" Hivyo haachi kamwe.

KWA NINI BASI WENGINE HUSIKIA NAFUU?

Kuna sababu tatu.

Kwanza, magonjwa mengi madogo hupita yenyewe. Mafua, maumivu ya kichwa, uchovu wa kazi ya shamba, vyote hupungua baada ya siku chache. Mtu akinywa majani siku ya tatu na kupona siku ya nne, huwapa majani sifa.

Pili, anayesafisha tumbo kwa kawaida huacha pombe siku zile, huacha kula kupita kiasi, hulala mapema, hunywa maji. Mambo hayo ndiyo yaliyomsaidia, na kuyafanya hakuna gharama.

Tatu, tumbo tupu husikika jepesi. Aliyefunga chakula siku saba hupungua uzito, lakini mwanzoni kilichopungua ni maji kwa sehemu kubwa. Akirudi kula, uzito hurudi.

Je, tufanyeje tujue kama dawa ni nzuri kweli? Sharti kulinganisha na kuhesabu. Wasomaji wa Kasongo wafahamu kwamba mji wao unajulikana na waganga wa nchi nyingi kwa jambo hilo. Mwaka wa 1981 gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, lilitoa habari ya watoto wa Kasongo. Waliokuwa wakifanya kazi hapa walilinganisha watoto waliopata chanjo ya surua na watoto wasioipata, toka miezi 7 mpaka miezi 35. Hawakuuliza tu, "Mama, mtoto ana nafuu?" Walihesabu walio hai na waliokufa. Tena walisema wazi kwamba faida iliyoonekana mwanzoni ilionekana kupungua watoto walipokua. Hiyo ndiyo njia ya haki: kupima, na kusema hata lile lisilotupendeza. Mchuuzi wa chai ya kusafisha damu hafanyi hivyo.

Mwaka wa 2009 huko Uingereza vijana wenye elimu ya sayansi, wa chama kiitwacho Sense About Science, waliwauliza wenye kuuza vitu 15 vya kusafisha mwili: "Ni sumu gani mnayoondoa? Mnajuaje kwamba imetoka?" Hawakupata majibu ya kuaminika. Wewe nawe waweza kuuliza maswali hayo sokoni. Akikosa kukutajia sumu kwa jina, linda fedha zako.

WAZEE WA ULAYA NAO WALIDANGANYIKA

Msifikiri kwamba mawazo haya ni ya Waafrika tu. Kwa miaka mamia waganga wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba ugonjwa ni uchafu wa ndani. Waliwatoa wagonjwa damu, wakawaharisha na kuwatapisha. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alishikwa na ugonjwa wa koo mnamo Desemba 1799. Waganga wake walimtoa damu mara nne kwa siku moja, wakamtia na dawa ya nyuma. Akafa tarehe 14 Desemba. Ugonjwa wake ulikuwa mkali kweli, lakini mambo waliyomfanyia yalimwondolea nguvu alizozihitaji.

Baadaye wengi walisema kwamba choo kikikaa tumboni, sumu yake huingia katika damu na kuleta kichwa kuuma na uchovu. Mwaka wa 1922 daktari mmoja wa Marekani, jina lake Donaldson, alitaka kujua. Aliwajaza watu wazima pamba mahali pa choo. Pamba haina sumu. Lakini wakasikia kichwa kuuma, uzito na uchovu, kama watu waliofunga choo. Pamba ilipotolewa, wakapata nafuu mara moja. Kama ingekuwa sumu katika damu, isingaliondoka mara moja. Basi ilijulikana kwamba uzito ule waletwa na kujaa na kusukumwa kwa utumbo tu. Waganga wakaacha mafundisho yale ya zamani. Yasikitisha kuona yanarudi leo katika pakiti nzuri za rangi.

HATARI YA KUSAFISHA

Kama mambo haya yangekuwa hayana faida tu, tungenyamaza. Lakini yana hatari.

1. Yanaondoa maji na chumvi. Mtu anayehara sana hupoteza maji, na pamoja na maji hupoteza chumvi ambazo moyo na mishipa huzihitaji. Mtu mzima huanguka kwa kizunguzungu. Mtoto hufa.

2. Yanaumiza utumbo. Pilipili, sabuni na majani makali huunguza ngozi laini ya ndani. Pengine utumbo hutoboka. Hapo choo humwagika ndani ya tumbo, na ni ugonjwa wa kupasuliwa upesi, au kifo.

3. Yanaharibu figo na ini. Kitu kikitoka porini hakina budi kuwa chema? Sivyo. Uyoga nao hutoka porini. Miongoni mwa majani na mizizi imo yenye sumu kali ya figo. Tena hakuna kipimo: leo ngumi moja ya majani, kesho mbili, na nguvu ya mti si sawa masika na kiangazi. Ni jambo la huzuni kwamba mtu hunywa dawa ya kusafisha figo, na dawa hiyo hiyo inaziua.

4. Mpira mmoja hupitisha magonjwa. Mara nyingi mpira wa lavema hutumiwa na watu wa nyumba nzima, hata na majirani. Katika jimbo la Colorado, Marekani, kati ya mwaka wa 1978 na 1980, wagonjwa wa mahali pamoja walisafishwa matumbo kwa chombo kisichosafishwa vema. Ugonjwa wa ameba ulipita toka mmoja mpaka mwingine. Watu 36 walipatikana na ugonjwa, na sita kati yao walikufa. Yale yalitokea mahali penye umeme na maji ya bomba. Je, sisi tutumiao mpira mmoja na ndoo moja?

5. Yanakawiza matibabu. Mtoto mwenye malaria kali pengine ana saa chache tu. Siku mbili za kumsafisha tumbo zaweza kuwa ndizo siku mbili zilizokuwa za kumwokoa.

Mama mwenye mimba ajihadhari hasa. Dawa kali ya kuharisha humdhoofisha, na pengine huamsha tumbo la uzazi kabla ya wakati wake. Hatari pia ni kwa mama anyonyeshaye, kwa mwenye ugonjwa wa sukari, kwa mwenye kifua kikuu, na kwa mzee.

Hatusemi kwamba lavema ni mbaya siku zote. Waganga wa hospitali huitumia pengine, wakiwa na sababu, kwa maji safi yaliyopimwa na kwa chombo kilichosafishwa. Kisu cha daktari huponya, lakini hatuchezi na visu nyumbani.

MTOTO ANAYEHARA

Tuseme kuna mama kijana mwenye mtoto wa miezi kumi. Mtoto anahara tangu jana. Mama mkwe wake asema, "Tumbo lake ni chafu. Tumtie dawa, uchafu utoke wote. Na usimpe maji, maana maji yazidisha kuhara." Mama kijana hapendi kumkataza mzee. Basi mtoto ametiwa majani yenye pilipili. Jioni macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi. Usiku halii tena. Wengine wasema, "Amepata usingizi, ana nafuu." Kumbe si usingizi.

Ni nini kilichotokea? Mtoto alikuwa anapoteza maji kwa kuhara. Ilipasa kumrudishia maji. Badala yake walitoboa mtungi uliokuwa unavuja.

Fanya hivi. Mtoto akianza kuhara, mpe maji yenye chumvi na sukari mara moja. Ukipata pakiti ya chumvi hizo katika kituo cha afya, fuata maneno yaliyoandikwa juu yake. Kama huna pakiti, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko sita vidogo vya chai vya sukari, vilivyo sawasawa juu, na nusu ya kijiko hicho cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, hasa kila baada ya kuhara. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha anza tena polepole. Endelea kumnyonyesha. Endelea kumpa chakula. Uliza kituo cha afya kuhusu vidonge vya zinki, ambavyo hupewa kwa siku 10 mpaka 14.

Maji haya yaonekana madogo, lakini nguvu yake ilijulikana kwa dunia nzima. Mwaka wa 1971, wakimbizi wa vita ya Bangladesh walikufa kwa kipindupindu katika kambi za India. Daktari Dilip Mahalanabis alikosa dawa za kutosha za kutia katika mishipa, akawapa watu maji ya chumvi na sukari ya kunywa. Wengi mno waliokoka. Sisi tukaao karibu na mto Lualaba na mito yake twajua kipindupindu. Mwenye kipindupindu haondolewi uchafu kwa kuharishwa zaidi. Anarudishiwa maji, naye anaishi.

Mpeleke mtoto hospitali bila kukawia ukiona moja la mambo haya: macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya yarudi polepole, hawezi kunywa, analala mno, hakojoi, choo kina damu, ana homa kali.

Na mama mkwe je? Usimjibu kwa ukali. Sema, "Mama, asante kwa kumhurumia mjukuu wako. Njoo twende naye pamoja kituoni, nawe usikie wanavyosema." Mzee aliyeheshimiwa husaidia. Na ninyi baba za watoto, msimwache mke peke yake katika neno hili. Mama yenu atawasikia ninyi kwanza.

SUMU ZA KWELI NI ZIPI?

Kuna sumu za kweli katika maisha yetu. Lakini angalia mahali zinapozuiliwa: si tumboni, ni kabla ya kufika tumboni.

Ya kwanza ni sumu ya mihogo michungu. Mama zetu waliijua tangu zamani, ndiyo maana waliloweka mihogo. Mwaka wa 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango, upande wa magharibi ya Kongo, uitwao konzo. Kwa lugha ya Wayaka neno hilo lahusu miguu iliyofungwa. Mtu huamka akiwa na miguu migumu, hawezi kutembea vema tena, na ugonjwa hauponi. Huwashika hasa mama na watoto, wakati wa njaa au wa vita, watu wanapokula mihogo michungu iliyoharakishwa, bila chakula kingine cha kuutia mwili nguvu. Basi menya mihogo, uiloweke siku tatu, uianike juani mpaka ikauke vema, ndipo upate unga wa bugali. Sombe nayo itwangwe sana na kuchemshwa vya kutosha. Tena kula maharagwe, karanga, samaki au nyama pamoja na mihogo, maana mwili huvitumia vyakula hivyo kuigeuza sumu iliyobaki. Mama anayengoja siku tatu kabla ya kuanika mihogo amesafisha damu ya nyumba yake yote.

Ya pili ni zebaki. Katika nchi ya Kabambare, karibu na Salamabila na Namoya, watu wengi huchimba dhahabu. Po pote wachimbaji wanapotumia zebaki kushika dhahabu na kuichoma motoni, moshi wake huingia mapafuni na kuharibu mishipa ya akili na figo. Hakuna majani yaondoayo zebaki. Dawa ni kuacha kuvuta moshi ule: usichome ndani ya nyumba, wala jikoni, wala karibu na watoto au mama mwenye mimba. Mwenye kutetemeka mikono aende kwa daktari, aseme wazi kazi anayofanya.

Ya tatu ni pombe, hasa ile kali inayopikwa nyumbani. Mtu anayekunywa siku sita, akasafisha ini siku ya saba, anatia maji katika kikapu.

Ya nne ni dawa zinunuliwazo bila shauri na kumezwa ovyo, na dawa za kuua wadudu zinazowekwa katika chupa za soda. Kila mwaka watoto wa nchi nyingi hunywa vitu hivyo kwa kudhani ni kinywaji. Aliyekunywa sumu, usimtapishe wala usimtie lavema. Mpeleke hospitali mara moja, pamoja na chupa ile.

Na minyoo? Ndiyo, minyoo yafaa kuondolewa, lakini kwa vidonge vya minyoo, ambavyo bei yake si kubwa na kipimo chake chajulikana.

KUFUNGA CHAKULA

Washiriki wengine watauliza, "Sisi hufunga chakula kwa ajili ya maombi. Je, mwakataza?" Hatukatazi. Mtu mzima mwenye afya aweza kukosa chakula kwa siku moja bila kudhurika, ila anywe maji. Lakini usichanganye mambo mawili. Kufunga kwa maombi ni jambo la moyo, si dawa ya ini wala ya damu. Mgonjwa, mama mwenye mimba, mama anyonyeshaye, mtoto, na anayemeza dawa za sukari au za kifua kikuu, wasifunge bila shauri la daktari. Wanaweza kuomba huku wamekula.

FANYA HIVI KILA SIKU

Ukipenda kuwasaidia wale watumishi wanne, fanya mambo haya yasiyo na gharama kubwa. Kunywa maji safi ya kutosha, zaidi ukifanya kazi juani. Kula mboga za majani, maharagwe, mapapai, maembe na ndizi, maana huufanya utumbo ufanye kazi bila dawa. Tembea na ufanye kazi. Nenda choo unaposikia haja, usijizuie. Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Chimba choo, ukifunike. Sabuni yafaa sana nje ya mwili. Ndani haina kazi.

Choo kikifunga siku nyingi na tumbo likavimba na kuuma, au choo kikawa na damu, au ukakonda bila sababu, usijisafishe. Njoo upimwe.

MANENO YA KUKUMBUKA

1. Ini, figo, mapafu na utumbo husafisha mwili mchana na usiku.
2. Ute unaotoka baada ya dawa kali ni machozi ya utumbo, si uchafu wa zamani.
3. Usimtie mtoto lavema nyumbani, wala usimharishe.
4. Anayehara arudishiwe maji, chumvi na sukari.
5. Sumu ya kweli huzuiwa jikoni, shambani na kazini, kabla haijaingia mwilini.

Soma maneno haya na watu wa nyumba yako jioni, mkiwa mmeketi pamoja. Asiyejua kusoma asomewe. Na ule mpira uliotundikwa ukutani, uuondoe, kisha mahali pake tundika mfuko mdogo wenye sukari, chumvi na kijiko. Siku mtoto atakapoanza kuhara usiku, hutatafuta gizani.